Amplifaya Iliyopata Kizunguzungu cha Ghorofa

Enyi wa barzani, mpo? Hebu semeni "naam" kwa sauti, maana khabari yenyewe ni ya sauti. Uliyesimama, kaa. Ukiisikiliza umesimama utaanguka, na mawe ya mtaa huu hayana huruma. Na wewe mwenye kahawa, mimina wote, usimruke mtu, halafu kaa na wewe.

Hii khabari ni ya spika za baba mkwe wangu, Mungu amrehemu. Mzee yule mtu wa Paje, lakini ujana wake aliumaliza kwenye meli za mizigo, na safari yake ya mwisho akarudi na spika mbili kutoka Uarabuni. Nikisema spika msifikirie hivi vidude vya kuchomeka kwenye simu. Zile zilikuwa ndefu kunishinda miye nimevaa kofia, mbao nene za kahawia, na mbele zina mlango wa kitambaa wa kufungua. Mgeni mmoja alikuja kwetu, akaufungua ule mlango akatundika koti lake ndani. Akadhani kabati. Koti lile tukalitafuta siku nyingi tusilione.

Mzee kila alasiri alikuwa akikaa mbele ya spika zake kule Paje, kikoi kiunoni, kifua wazi, shati kalitundika msumarini, anasikiliza taarab za zamani na yeye anazifuatia. Na alikuwa na sauti, mzee yule. Wanawake wa mwani wakiwa huko mbali majini walikuwa wakimsikia wanajua saa ya kurudi kupika imefika.

Alipofariki, mama mkwe akasema spika zije kwa mke wangu, kwa sababu ndiye mtoto aliyekuwa akikaa miguuni kwa babake wakati zinaimba. Tukazileta mjini. Miye nakaa ghorofani, humu humu Mji Mkongwe, na ngazi zangu mnazijua, paka wawili wakikutana mmoja lazima arudi kinyumenyume. Spika ya kwanza ikakwama kwenye kona. Haipandi, haishuki. Jirani wa juu ikabidi chakula chake tumpandishie kwa kamba dirishani mpaka tulipopata watu wa kuikwamua.

Amplifaya ya mzee yenyewe ilikuwa imeliwa na chumvi ya pwani. Nilipoifungua nikakuta chumvi ya kutosha pilau ya arusi. Basi spika zikakaa sebuleni bubu, moja kulia moja kushoto, kama wazee wawili waliogombana na hakuna wa kuwapatanisha.

Sasa, mke wangu. Mke wangu mnamjua kwa sindano ya kufuma. Nyumbani kwangu hakuna kitu kinachokaa uchi. Televisheni ina kitambaa, friji ina kitambaa, jagi la maji lina kofia ya shanga, na kiberiti cha jikoni siku moja nilikikuta kimevaa soksi. Miye nikilala mchana silali sana, nnaogopa kuamka nimetiwa nakshi.

Tukakaa hivo mpaka mama mkwe akapiga simu. Na adabu ya mkwe mnaijua. Miye hata kwenye simu nainamisha kichwa.

"Naam, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Spika za baba yako zinasema?"

Nikamtazama mke wangu. Mke wangu akatazama dari.

"Zitasema, mama, inshallah."

"Sikuuliza kama zitasema. Sikiliza. Idi Kubwa nnakuja kula sikukuu kwenu, na nataka nizisikie kama alivyokuwa akizisikia mwenyewe. Nikizikuta bubu, shemeji yako atazipakia tuondoke nazo. Ana banda lake la vinywaji pwani, kwa hao wazungu wanaoburutwa na matiara juu ya maji. Anasema atazilaza chini afanye meza."

Akakata. Mke wangu alikuwa kasikia kila neno.

"Meza," akasema. "Spika za baba yangu, watu waweke madafu juu." Kisha akasema polepole, na mke wangu akisema polepole ndiyo khatari yenyewe: "Zikitoka mlangoni hizi, na wewe shika upande mmoja, mwende pamoja."

Basi nikaja hapa hapa barzani kutaka shauri, na hilo ndilo lilikuwa kosa. Mtu akija hapa na shida ya ndoa, nyote mnatazama vikombe. Mtu akiuliza khabari ya amplifaya, barza nzima mainjinia. Mmoja, simtaji na kakaa pale kashika kashata, akasema tazama taa, amplifaya nzuri huwa na taa nyingi. Mwengine akasema tazama wati zilizoandikwa usoni. Mwengine akasema yote hayo upuuzi, tazama rimoti, ikiwa na vifungo vingi ndiyo yenyewe.

Miye nikayafata yote matatu. Nikaenda Darajani nikanunua dude la bluu, taa zake ukiziwasha ndege inaweza kukosea ikatua sebuleni. Wati zilizoandikwa usoni zingewasha Unguja nzima, na Pemba, na zikabaki za kupeleka Tumbatu. Rimoti ilikuwa na kifungo hata sijui cha nini, nadhani cha kuita mvua.

Nikaunga waya. Ikaimba. Wallahi iliimba, beti moja. Beti ya pili ikaanza kukwaruza kama kuku anayekabwa, mara pakatoka moshi mwembamba kwa nyuma, na harufu. Jirani wa chini akaita ngazini:

"Bwana, huo udi gani mnaofukiza leo?"

"Udi mpya."

"Una wageni?"

"Nilikuwa nao."

Nikalibeba dude langu nikalirudisha. Mwenye duka mtu wa Mtoni, mcheshi, ana kitambi anachokitumia kama meza. Hata hakulifungua. Alinusa tu.

"Mzee, spika zako omu ngapi?"

"Mbili. Moja kulia, moja kushoto."

"Siulizi idadi ya spika. Omu. Nyuma pameandikwa nambari, karibu na pa kutilia waya."

Nikampigia simu mke wangu akatazame. Nikamsikia anaivuta spika, anakohoa, anaivuta tena.

"Pameandikwa nne," akasema. "Na lile koti la mgeni limo humu."

Nikamwambia mwenye duka ni nne. Khabari ya koti sikumwambia. Akatikisa kichwa kama daktari aliyeona kipimo kibaya.

"Hapo ndipo. Omu ni kizuizi. Spika nyingi za siku hizi ni nane, au sita. Mlango wake mwembamba, umeme unapita kwa adabu. Zako nne, mlango uko wazi. Zinavuta umeme mwingi, na hii amplifaya ndogo inajikakamua kuzipa, inajikakamua, mpaka inaungua."

Hamkufahamu? Ngojeni niiseme kwa lugha ya sufuria. Spika ya omu nane ni mgeni wa kistaarabu. Unampakulia sahani moja, anafuta mdomo, "alhamdulillahi, nshashiba." Spika ya omu nne ni shemeji yangu. Sahani ya kwanza ni ya kuulizia njia. Ya pili ndiyo anakaa vizuri. Sasa ukiwa na kisufuria kidogo, shemeji atakikwangua mpaka masizi, na mwisho kisufuria ndicho kitakachoungua, shemeji yuko mzima anauliza kama chai iko tayari.

"Sasa nichague vipi?" nikamuuliza.

"Taa ziache. Wati za usoni ziache pia, hizo kama sifa za mposaji, kila mtu anajiandikia mwenyewe. Igeuze utazame nyuma. Ikiwa imeandikwa inakubali omu nne, mambo mazuri. Ikiwa inaanzia nane, usiiguse. Halafu inyanyue. Ndani mna transfoma, donge la chuma na shaba, nguvu inatoka hapo. Ikiwa nyepesi, umenunua bati. Miye zangu humu zote nyepesi, sikudanganyi, kazungukie wauza vitu vya zamani." Nikawa nshafika mlangoni, akaniita. "Na ukishaipata, iache ipumue. Spika za namna yako zitaitia joto. Yale matundu ya juu ndiyo pua zake."

"Nshafahamu," nikamwambia.

Nikaanza kuzunguka. Siku zile watu wote wanatafuta mbuzi wa kuchinja, wanawanyanyua miguu ya mbele kupima uzito, na miye nnanyanyua amplifaya. Nikiingia duka nasema salamalekum, nainama, nanyanyua, naitikisa, nageuza natazama nyuma, naweka. Mwenye duka mmoja akanambia, "Mzee, ukitaka na meno uyatazame, funua tu." Zilikuwa nyepesi zote. Nyengine niliinyanyua kwa nguvu zangu zote nikidhani nzito, nusura niirushe darini.

Nikaipata Mpendae. Kuna bi mmoja anauza vitu vya zamani nyumbani kwake, nikafika mlango wake uko wazi na umezuiliwa na kitu cheusi. Upepo unavuma, mapazia yanaruka, kitu cheusi hakitikisiki.

"Bi, samahani, hiyo ni amplifaya ama jiwe la mlango?"

"Zote mbili. Ukiichukua niletee jiwe."

Nikaigeuza. Nyuma: omu nne mpaka nane. Nikainyanyua, mgongo ukasema neno ambalo siwezi kulirudia mbele ya watu wazima. Taa yake moja tu, nyekundu, kama punje ya komamanga. Hamali aliyeipandisha ngazi zangu aliniuliza mara mbili kama ndani hamna maiti.

Nikaiweka juu ya meza, karibu na dirisha. Mwenye duka si kasema ipumue? Nikafungua madirisha yote, upepo wa bahari unaingia moja kwa moja. Kiti changu mwenyewe sijawahi kukiweka pahala pazuri namna ile. Kanda za marehemu tulikuwa tushazitia kwenye flashi. Nikabonyeza.

Jamani. Njiwa wa paa la jirani waliondoka wote, na nasikia wengine wamehamia Mtoni. Vikombe kabatini vikacheza. Mke wangu akasimama katikati ya zile spika mbili, kashika ncha ya mtandio mdomoni. Kisha akasema, "Hivi ndivyo. Hivi hasa."

Nikaondoka kwenda kusali Alasiri nikitembea kama mtoto wa sultani. Nikarudi na barza nzima nyuma yangu, nyie hawa hawa, niwaringie. Nikaikuta amplifaya imeshavalishwa, kitambaa cha kufuma kimeshuka pande zote, juu chombo cha maua. Imependeza. Nikabonyeza. Ikaimba, mkatikisa vichwa, mmoja wenu akaanza hata kuitunza noti, kisha:

Ta.

Kimya. Ile punje ya komamanga inapepesa, na sisi tunapepesa.

Nikaivua, nikaibeba mpaka Darajani kwa mtu wa Mtoni. Akaiunga na spika zake, ikaimba mpaka akafunga duka. "Hii nzima kuliko wewe," akanambia. Nikaibeba nikarudi. Mke wangu akanitazama jasho linavyonitoka, akanambia kaoge kwanza. Nikatoka kuoga nikaikuta iko mezani kwake, imevaa. Nikabonyeza. Nyimbo moja na nusu. Ta.

Hapo ndipo nyie mlipoanza tena. Mmoja akasema marehemu hataki. Mmoja akasema umeme wa Mji Mkongwe ukipanda ghorofani unafika umechoka. Na yule wa kashata, nakutazama wewe, akasema amplifaya ile imezaliwa Mpendae, nyumba za chini, haijazoea ghorofa, inapata kizunguzungu.

Msicheke sasa, siku ile hamkucheka. Siku ile mlisema "kweli". Tukaishusha mpaka ngazini, tukavuta waya mrefu, nikaiweka kwenye kidato, kavu, haina hata uzi. Ikaimba asubuhi mpaka adhuhuri. Tukakumbatiana. Ugonjwa umejulikana, kizunguzungu. Ingekaa pale pale ngazini mpaka leo, lakini jirani wa juu akatoka akasema chakula cha kamba keshakula mara moja, cha pili hataki. Tukairudisha juu. Nikaikata meza miguu ikawa mifupi kidogo, amplifaya isione chini dirishani.

Idi ikaingia. Baada ya sala nikasikia hodi, nikainamisha kichwa kabla sijafungua mlango.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Idi mubaraka." Akapita, kanga mpya inanukia, kipepeo cha ukili cha kujipepea mkononi. Nyuma yake shemeji, na begani kaviringisha kamba.

"Shemeji, sikukuu unakuja na kamba?"

"Idi ya kuchinja hii," akasema. "Kila mtu na kamba yake."

Tukala. Yaani, alikula, sisi tulikuwepo. Kila akimaliza sahani anaitazama spika, anaipima kwa shubiri. "Hapa watakaa watu sita," anasema peke yake. "Hii nyengine nitaweka mwamvuli."

Mke wangu kwa heshima ya siku ile alikuwa kajipita mwenyewe. Amplifaya kaitia nailoni kwanza, vumbi lisiingie kwenye matundu. Juu ya nailoni kitambaa cha kila siku. Juu ya cha kila siku kitambaa kipya, alichokifuma kwa ajili ya mama yake, kizito, kina shada mpaka chini. Na juu kabisa, chombo na mawaridi ya plastiki. Nilimsifu. Nilimsifu kwa mdomo wangu huu.

Mama mkwe akakaa kwenye kiti, uso kwa uso na spika. Nikasema bismillahi, nikabonyeza.

Ile sauti ilipotoka, kipepeo kikasimama mkononi mwake. Akafumba macho. Midomo ikaanza kufuatia maneno, pole pole, kama mtu anayemjibu mwenzake aliye chumba cha pili. Mke wangu kakaa chini, kaegemea goti la mama yake. Shemeji mwenyewe akaweka sahani chini na haijaisha, jambo ambalo Paje nzima hakuna aliyewahi kuliona. Nikasema moyoni, ewe Mola, imalize hii moja tu, zilizobaki tutaongea.

Ta.

Kimya kile, nilimsikia mbuzi wa watu Mtoni anameza mate. Mama mkwe akafumbua macho.

"Basi?"

"Itarudi, mama," nikasema. "Inapata kizunguzungu."

"Inapata nini?"

"Kizunguzungu. Cha ghorofa."

Akanitazama usoni. Tangu siku ya nikaha yule mama hajawahi kunitazama usoni. Shemeji akaanza kufungua kamba begani, bila haraka, kama mtu aliyejua toka Paje. Mke wangu akainuka, akaenda akaweka paji la uso kwenye spika ya kulia.

"Baba kaniondokea mara ya pili," akasema.

Mama mkwe akasimama. Nikadhani anakwenda kumshika mwanawe. Akapita, akaenda mezani.

"Haya maua mbona yameinama?"

Tukatazama. Mawaridi ya plastiki, ambayo Kiyama kingeyakuta yamesimama, yameinamisha vichwa kama miye mbele ya mkwe. Mama akatia mkono chini ya kitambaa, akautoa mbio.

"Subhanallah. Huyu ana homa."

Akaanza kuvua. Chombo akanipa nishike. Kitambaa kipya akanitupia begani, cha kila siku juu ya kile, mpaka miye ndiye nikawa meza. Nailoni ilikuwa imenata, akaibandua taratibu kama ngozi ya muhogo wa kuchemsha. Amplifaya ikabaki uchi, nyeusi, inatoa joto ungeweza kuchoma mishkaki juu yake. Mama akavuta kiti, akakaa karibu yake, akaanza kuipepea kwa kipepeo. Shemeji kasimama na kamba mkononi, haifungi, haiachi.

Akapepea mpaka ile taa nyekundu ikaacha kupepesa.

"Bonyeza," akanambia.

Nikabonyeza. Ikaimba. Ikamaliza nyimbo ile, ikaimba ya pili, ya tatu, njiwa waliokuwa wamerudi wakaondoka tena. Mke wangu analia na kucheka, hajui aanze na lipi. Mama mkwe hakugeuka. Akasema tu, "Wewe mwenye kamba. Viringisha kamba yako ukafungie mbuzi. Spika hizi hazitoki hapa."

Mke wangu akamkumbatia. "Lakini mama, umejuaje? Barza nzima imekaa hapa, hawakujua. Mpaka mwenye duka hakujua."

Na mama, kipepeo kinakwenda, macho kwenye amplifaya, kashasahau kuwa mkwe yumo chumbani kasimama na vitambaa begani, akasema:

"Nimekaa na baba yako umri wangu wote. Yule naye ukimwacha na shati lake, haimbi, wala hafanyi kingine chochote."